Dakika Hamsini za Kiritiri

Maneno yaliyomchoma Gatakaa hayakusemwa kwa ubaya. Angeline, jirani yake pale mtaani Majimbo, alikuwa amekuja kuomba chumvi, na akiwa bado ameshika kikombe cha chumvi mkononi akasema amemwona Baba Njuki tena Kiritiri siku ya soko, pikapu imeegeshwa mbele ya hoteli ya Cicily. Alisema "tena" kama mtu anayetaja mvua. Gatakaa akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, alimwona saa ngapi. Angeline akafikiri. Alipoingia sokoni kununua ndengu pikapu ilikuwa pale. Alipotoka na ndengu zake, baada ya kuzunguka kote na kubishana na kila mwenye gunia, bado ilikuwa pale pale. Saa nzima hivi, akasema, labda hata na zaidi. Akashukuru kwa chumvi akaenda zake.

Gatakaa alirudi jikoni akakuta sukuma wiki zimeshikana na sufuria. Akazikwangua, akazipakua hivyo hivyo.

Mumewe Njagi, ndiye huyo Baba Njuki, alikuwa na pikapu kuukuu ya Toyota, na kila siku ya soko aliteremka nayo Kiritiri kumletea Hassan mbuzi wa bucha yake ya mjini. Zamani alikuwa nyumbani kufikia saa nane. Miezi hii ilikuwa saa tisa, mara nyingine saa tisa na nusu, na Hassan alishaanza kunung'unika kwamba wateja wa jioni wanakuta ndoano tupu. Njagi alikuwa na maelezo yake. Gari lina ugonjwa, alisema. Asubuhi linawaka vizuri na barabarani linakwenda vizuri, ila likishapata moto ukalizima, haliwaki tena mpaka lipoe. Gatakaa aliyaamini maelezo hayo kwa miezi miwili bila hata kuyafikiria. Baada ya ile chumvi, alianza kuyafikiria.

Jioni hiyo Njagi aliingia, akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, akainama kufungua viatu. Kabla hajafika kiatu cha pili alikuwa ameshaulizwa juu ya bati linalovuja, kama amempigia mwalimu wa Njuki, na kwa nini anakaa pale kama mgeni na kuku hawajafungiwa. Hayo ni ya siku zote. Lililokuja baadaye ndilo lilikuwa jipya.

"Na gari lilikuwaje leo?"

"Limenisumbua tena."

"Wapi?"

"Kiritiri."

"Kiritiri wapi?"

Njagi akainua macho. "Pale tunapopakia mbuzi, kwa Cicily. Pana kivuli, pana maji."

"Kwani ni lazima ulizime?"

"Mama Njuki, injini ikinguruma mbuzi wanaruka mpaka barabarani. Na hiyo petroli ya kunguruma utaninunulia wewe?"

Akamuuliza mbona halijakataa kuwaka hata siku moja hapa nyumbani. Njagi akasema ni kwa sababu akifika nyumbani amefika, gari linalala, na asubuhi limepoa. Jibu lilikuwa la kweli. Lakini lilitoka haraka, limenyooka, na kwa sikio lenye wivu jibu la kweli na jibu lililokaririwa huwa na mlio mmoja.

Siku zilizofuata Gatakaa alifanya mambo ambayo angemcheka mwanamke mwingine kwa kuyafanya. Alinusa mashati kabla ya kuyaloweka. Yalinukia mbuzi, moshi wa kuni, na kitu cha tatu ambacho kilimchukua siku mbili kukitambua. Kilikuwa iliki. Yeye chai yake hakuitia iliki, haikuwa desturi yao, chai ya kwake ilikuwa maziwa na majani basi. Akaenda dukani akanunua kipakiti, akatia punje nne kwenye chai ya saa kumi, akasimama akimtazama mumewe akinywa. Njagi alikunywa nusu, akachungulia ndani ya kikombe.

"Hii chai imefanya nini?" akauliza.

"Imechemka," Gatakaa akasema, akaondoka.

Jumanne asubuhi na mapema Njagi alikwenda kwa miguu kwenye kamati ya mazishi ya jamaa yao, akaacha ufunguo wa gari kwenye msumari. Gatakaa aliutazama ule ufunguo mpaka kengele ya shule ya jirani ikalia. Kisha akampigia Muthamia.

Muthamia alikuwa fundi wa magari mtaa wa Dallas. Alikuwa mtu wa kwao, wa upande wa Nkubu, na Gatakaa, aliyeolewa Embu miaka kumi na minne sasa, bado aliamini kwamba mtu wa kwenu hawezi kukuficha jambo. Fundi akaja na pikipiki, amejifunika koti mpaka masikioni. Umande ulikuwa bado umekaa juu ya boneti. Gatakaa akamweleza kwa Kimeru kwamba gari lasemekana halitaki kuwaka. Alisema "lasemekana" kwa mkazo.

Muthamia akaingia, akazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja. Akaizima, akaiwasha, akaizima, akaiwasha, mara sita. Akaivutavuta boneti mpaka ikaachia, akatazama mafuta, akatikisa vichwa vya betri, akafungua plagi moja akaipuliza akairudisha.

"Dada, hii gari ni nzima," akasema, akijipangusa mikono. "Labda mgonjwa ni dereva."

Akacheka sana kwa maneno yake mwenyewe. Akanywa chai, akaisifu kwa iliki, akadai nauli tu ya pikipiki, akaondoka. Alikuwa mtu mwema na hakujua ameacha nini nyuma yake. Gatakaa alibaki ameegemea pikapu, injini ikilia tik, tik ikipoa. Sasa alikuwa na ushahidi. Gari halikuwa na ugonjwa wowote. Kwa hiyo ile saa nzima ilikuwa na jina, na jina hilo lilikuwa la mwanamke.

Siku ya soko ilipofika alivaa suti yake ya buluu ya kanisani na viatu vya kisigino kidogo, akasimama karibu na mlango wa pikapu.

"Leo nakuja na wewe."

Njagi akamtazama kuanzia viatu kwenda juu. Akasema mbuzi wananuka. Gatakaa akasema atavumilia. Njagi akainua mabega, akamfungulia mlango kwa ndani, maana wa nje haukufunguka. Hakuonekana kama mtu aliyeshikwa, na hilo nalo likamuudhi Gatakaa. Ameshazoea, alijiambia. Mtu mpaka asishtuke, ameshazoea.

Wakateremka. Kahawa ikabaki nyuma, migomba ikabaki nyuma, joto likaanza kuingia dirishani kama mtu aliyealikwa. Gatakaa alikuwa amepanga kila kitu. Njagi akijifanya gari limekataa, yeye mwenyewe ataushika ufunguo mbele ya huyo Cicily, gari litawaka, naye atasema maneno aliyoyaandaa tangu Jumanne: fundi wangu alisema gari ni nzima. Si zaidi ya hayo. Aliyarudia kimoyomoyo kwenye kila kona.

Alikuwa pia amejiandaa kwa Cicily. Kichwani mwake alikuwa msichana mrefu mwenye nywele za kusuka zinazofika kiunoni, anayecheka kwa kuinamisha shingo. Aliyetoka kwenye hoteli ile ya mabati alikuwa mama wa makamo, mnene, mkubwa kwa Gatakaa kwa miaka kama mitano, mwenye pengo mbele na ndala ambazo hazikulingana. Gatakaa angefurahi, lakini hakufurahi. Msichana angemwelewa, maana kila mtu anajua msichana ana nini. Huyu alikuwa na nini?

"Karibu, Mama Njuki," Cicily akasema kwa Kiswahili, akimpa mkono wenye unga wa chapati. "Umetutembelea leo."

Alilijua jina la mtoto. Akampangusia benchi kwa kiganja, akamwekea chai, na Gatakaa hakuhitaji kuionja kujua ndani yake kuna nini.

Njagi na wachuuzi wakaanza kupakia mbuzi sita. Cicily akasimama mlangoni akawatupia maneno kwa Kimbeere. Gatakaa alielewa Kiembu cha nyumbani, na Kimbeere kikisemwa polepole alikipata pia, lakini mzaha haumngojei mtu. Alisikia "mbuzi," akasikia "askofu," kisha wote wakapasuka. Njagi naye akacheka. Alirudisha kichwa nyuma akacheka kwa tumbo, mkono mmoja umeshika pembe ya mbuzi, na Gatakaa akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho cheko lile lilisikika Majimbo. Hakukumbuka.

Mbuzi walipokwisha kufungwa Njagi akaingia ndani, akazungusha ufunguo. Injini ikazunguka na kuzunguka bila kushika. Akajaribu tena. Kisha akamgeukia mkewe kwa uso wa mtu anayesema, unaona sasa.

"Toka," Gatakaa akasema.

"Nini?"

"Toka hapo. Nipe."

Njagi akatoka. Gatakaa akapanda na suti yake ya kanisani, akakaa kwenye kiti chenye moto kama kikaango, akazungusha. Injini ikazunguka. Akangoja ishike. Haikushika. Akazungusha mara ya pili, mara ya tatu, akakanyaga mafuta, akaacha mafuta. Wachuuzi wakaanza kukusanyika. Mzee mmoja akasema kwa Kiswahili, ili mgeni asikose, kwamba mama ana mkono mzito, gari linaogopa. Mara ya sita stata ikaanza kuchoka, sauti ikazama. Jasho lilikuwa limeshachora ramani mgongoni mwa suti. Maneno yake ya tangu Jumanne yalikuwa mdomoni bado, na hapakuwa na pa kuyatema.

Ndipo Cicily alipoacha chapati zake. Hakuitwa na mtu. Alikuja na ndoo ndogo ya maji na kitambaa, akaipiga boneti ngumi moja upande wa kushoto, pale pale ilipotaka kupigwa, ikafunguka. Kutoka chini ya benchi akavuta kijiti kilichokatwa kwa kipimo, akakisimamisha chini ya boneti isianguke. Gatakaa alikuwa ameishi na pikapu ile miaka minne na hakujua boneti yake hufunguliwa kwa ngumi.

Cicily akachovya kitambaa, akakikamua vizuri, akakizungushia kitu cheusi kilichokuwa pembeni ya injini, chenye ukubwa wa mkebe wa soda.

"Hii wanaita koili," akamwambia Gatakaa, polepole, kwa wema. "Inashikwa na homa. Na mtoto akiwa na homa si unamwekea kitambaa cha maji? Nikamwambia Baba Njuki, tujaribu. Mwachie kidogo."

Gatakaa hakuwa akitazama koili. Alikuwa akitazama kitambaa. Kilikuwa cha manjano chenye michoro ya korosho nyekundu, na ukingo wake ulikuwa umepindwa kwa uzi wa kijani, kwa sababu siku aliyoupinda hakuwa na uzi wa manjano. Ilikuwa leso yake. Mama zake waliitupa mabegani mwake siku ya kuletewa mahari, na ndiyo aliyombebea Njuki mpaka ikachanika katikati. Na kipande kile hakikuibwa. Ni yeye aliyemtupia Njagi pale langoni akamwambia, shika, upangusie vioo. Kumbe kilihama. Kilikuwa na kamba yake ya kuanikwa hapa, na kibanio chake, vikingoja vitupu kati ya aproni mbili. Na kilikuwa safi kuliko kitambaa chochote nyumbani kwake.

Zikapita kama dakika kumi. Cicily akasema, "Sasa." Njagi akazungusha, gari likawaka. Watu wakatawanyika, mchezo umekwisha. Cicily akakikamua kile kitambaa tena, akakibana kwenye kamba, kama mtu anayerudisha kitu chake mahali pake.

Gatakaa akapanda upande wa abiria. Ugonjwa wa gari ungekuwa wa uongo, alifikiri, ingekuwa rahisi zaidi.

Walikwenda mwendo mrefu. Nyuma mbuzi walikuwa wakigongana pembe.

"Nani aligundua hayo ya kitambaa?" Gatakaa akauliza mwishowe.

"Cicily."

"Zamani?"

"Yapata mwezi na nusu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba gari linafungwa kitambaa?"

"Na dawa yake ni dakika kumi."

"Kumi. Jua likiwa kali, kumi na tano."

Gatakaa akaikunja mikono juu ya mkoba. Alikuwa mtulivu sasa, utulivu wa mtu anayepima unga.

"Angeline alikuona umesimama pale saa nzima. Na si mara moja. Tuseme dakika kumi ni za kitambaa. Hizo hamsini ni za nani?"

Njagi akabadilisha gia mahali ambapo gia haikuhitaji kubadilishwa. Mbuzi mmoja akalia. Ikapita shule, likapita kanisa.

Kwa Hassan hakuizima injini. Mbuzi wakateremshwa wakiwa wamefungwa kamba, gari likinguruma, wakapelekwa nyuma, na Hassan akaitazama saa yake akasema leo mmewahi. Alimsalimu Gatakaa, akamuuliza habari za watoto, na Gatakaa akajibu vizuri huku akili yake iko kwingine. Alikuwa akifikiria umande. Jumanne boneti ilikuwa na umande. Fundi alikuja na koti mpaka masikioni. Angeona homa gani kwa mgonjwa aliyelala baridini usiku kucha?

Njagi alipotaka kukata kona ya Majimbo, akamshika mkono.

"Usiende nyumbani. Nenda Dallas kwa Muthamia sasa hivi, likiwa na moto. Ukilizima, ulizime mbele yake."

"Muthamia analijua gari hili?"

Gatakaa angeweza kudanganya. Alichoka kabla hajaanza. "Nilimwita Jumanne ulipokuwa kwenye kamati. Aliwasha mara sita. Akasema gari ni nzima."

Njagi aliendesha mpaka kona iliyofuata.

"Kwa hiyo ulinipima," akasema.

"Nilipima gari."

"Hapana. Ulinipima mimi."

Gatakaa akatazama nje. Hilo nalo lilikuwa kweli.

Mbele ya gereji Njagi akazima injini. Muthamia akatoka chini ya gari jingine, akamwona Gatakaa ndani ya suti, akaanza kucheka kisha akaacha. Akapanda, akazungusha. Injini ikazunguka bila kushika. Akajikuna. Akajaribu kufungua boneti, na ilipokwama Gatakaa akampisha, akaipiga ngumi upande wa kushoto. Njagi alimwona.

Fundi akachomoa plagi moja, akaiacha kwenye waya wake, akailaza juu ya chuma akamwambia Njagi azungushe. Yeye na Gatakaa wakakodoa macho kwenye ncha ya plagi. Hapakuwa na cheche hata moja. Muthamia akagusa koili, akaurudisha mkono haraka akiupuliza.

"Hii ndiyo," akasema. Akaimwagia maji kidogo kidogo, wakangoja, Njagi akazungusha tena, na safari hii cheche ikaruka, ya buluu, ikilia ta ta ta. "Umeona? Ikiwa baridi inatoa moto, ikiwa na joto inakufa. Sasa dada, ulinileta asubuhi, gari imelala. Ningeona nini? Watu wote wanafanya hivyo. Gari inagonjeka saa saba, inaletwa kwa fundi saa moja."

"Na ile ya dereva?" Gatakaa akauliza.

Muthamia akaanza kutafuta spana ambayo ilikuwa mkononi mwake. Kisha akakumbuka kwamba ana pikapu iliyokufa nyuma ya nyumba, ya aina hii hii, koili yake nzima kabisa, akaenda kuing'oa.

Wakabaki wawili, wameketi juu ya gurudumu kuukuu, suti ya buluu na koti la kunuka mbuzi. Gatakaa hakuuliza tena. Alikuwa ameshauliza mara moja, na swali lilikuwa bado liko kati yao, lina nafasi yake kwenye lile gurudumu.

"Pale nakaa tu," Njagi akasema, akitazama mikono yake. "Kitambaa kikishafanya kazi, nazima tena, nakaa. Nakunywa chai. Wanasema upuzi wao, nacheka. Hakuna kingine. Ukitaka kuniapisha, niapishe."

"Na nyumbani huwezi kukaa?"

"Nikikaa nyumbani unaniuliza nimekaa kwa nini."

Gatakaa alifungua mdomo kumkatalia. Mbele ya macho yake kikaja kiti cha karibu na dirisha, na kiatu cha pili ambacho hakijafunguliwa. Akaufunga mdomo. Hakujua kama aliyaamini yote. Alijua tu kwamba angependa zaidi kuambiwa juu ya msichana wa nywele ndefu, kwa sababu huyo, mtu anaweza kwenda kumfukuza.

Koili ikafungwa. Muthamia akaiacha injini ingurume mpaka joto likarudi juu, akaizima, akaiwasha papo hapo. Ikawaka. Akarudia mara tano, akipiga kelele kila mara kama amefunga bao. Gatakaa akafungua leso ya kichwani alimofunga fedha za mayai, akamlipa, wala hakumwacha Njagi atoe. Njiani kurudi alifurahi kidogo na kuogopa sana. Mpaka leo palikuwa na gari la kulaumu. Wiki ijayo saa itasema yenyewe.

Siku ya soko iliyofuata alipika githeri mapema, akafagia uwanja uliokuwa umefagiwa. Saa saba na nusu alikuwa ameshatazama njia mara nne. Saa nane kasoro dakika tano pikapu ikaingia langoni, tupu, mbuzi wameshafika kwa Hassan. Njagi akazima injini. Kisha, kwa kujionyesha, akaiwasha, ikaitika, akaizima tena.

Gatakaa akasogea dirishani. Njagi akamnyooshea kitu kilichokunjwa mara nne.

"Cicily amesema gari limepona, mwenyewe arudishiwe kitu chake."

Kilikuwa kile kipande cha leso. Kimefuliwa, kimepigwa pasi ya makaa mpaka mikunjo inakata. Hata uzi wa kijani ulikuwa umeongezwa mshono pale ulipokuwa umeachia, wa kijani vile vile. Gatakaa akakileta puani. Kilinukia sabuni ambayo si yake. Wivu ukampanda upya kuanzia vidole vya miguu, kana kwamba haukuwahi kwenda popote. Akaingia jikoni, akakitumia hapo hapo kuepua sufuria ya githeri, na alama ya masizi ya kwanza ikakaa katikati ya korosho. Hapo akapumua.

Alipogeuka, mumewe hakuwa ameingia. Alikuwa bado ndani ya pikapu, mikono juu ya usukani, anautazama ukuta wa zizi la kuku. Gatakaa akasimama mlangoni. Maneno yalikuwa yamejipanga mdomoni kwa desturi yao: bati, mwalimu wa Njuki, na kwa nini unakaa humo kama mgeni. Akayahesabia dakika badala ya kuyasema. Tano. Kumi. Njagi hakusogea. Mtu alikuwa amerudi kwa saa yake, hajachelewa hata chembe, na zile dakika hamsini amekuja nazo mpaka uwanjani, anazikalia.

Akamimina vikombe viwili. Akatia iliki. Akazunguka upande wa abiria, akagonga kioo kwa kiwiko, Njagi akamfungulia kwa ndani. Akaingia, akampa kikombe, akakaa. Ndani mlinuka mbuzi kweli kweli. Hakuuliza kitu. Kutouliza kulikuwa kazi kuliko kupalilia shamba zima, alihisi kijasho.

Kikombe kilipofika nusu Njagi akaanza kusema. Alisema kwa lugha yake, lakini polepole, neno baada ya neno, akimngoja. Ilikuwa habari ya siku ile ya suti. Cicily alikuwa amewaambia mbuzi wapange mstari vizuri, wafute na midomo, kwa sababu mke wa askofu amekuja mwenyewe kuwabariki kabla hawajaenda kwa Hassan.

"Ndicho mlichochekea?"

"Ndicho."

"Mlinicheka mimi."

"Tulicheka suti."

Gatakaa akawaza wale mbuzi, midomo imefutwa, wakipokea baraka za mtu anayekwenda kugombana. Cheko lilichelewa kidogo, kisha likamtoka, chai ikamwagika kwenye kanga. Njagi akarudisha kichwa nyuma akacheka lile cheko la tumbo, na likajaa ndani ya pikapu likagonga vioo.

Walipotulia, Gatakaa akachungulia saa kwenye simu bila kuonekana. Dakika ishirini zilikuwa zimekwisha. Zilibaki thelathini, na hakuwa tayari kumwachia mtu yeyote hata moja.